Mbio Zipi Zilikuwa Kubwa Kuliko Zote?

Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, Afrika Mashariki ilipata matukio mawili makubwa ya michezo katika siku moja. Kipchoge Keino wa Kenya alitwaa medali ya dhahabu ya mita 1500. Kisha, giza likiwa limeshaingia, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, akamaliza marathoni akiwa mtu wa 57 na wa mwisho. Tangu hapo ubishi haujaisha. Wakenya hutaja la Keino bila kusita. Dunia, kuanzia wahubiri hadi wakufunzi wa semina, imependa la Akhwari. Watanzania wengi nasi tumefuata upepo huo, tukalifanya la Akhwari ndilo letu kuu.

Mimi nashika lingine. Nasema tukio zito kuliko yote katika historia ya michezo ya Tanzania, na mojawapo ya mazito katika riadha ya dunia, lilitokea miaka mitano na ushee baadaye huko Christchurch, New Zealand. Lilichukua dakika tatu na nusu tu. Lakini haliwezi kueleweka bila kuanza na ile Jumapili ya Mexico.

Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na mkimbiaji wa masafa marefu aliyezoea nyanda za chini hukosa pumzi mapema. Kwa mita 1500 dunia ilikuwa na bingwa wake: Jim Ryun wa Marekani, kijana wa miaka 21, mwenye rekodi ya dunia ya dakika 3 sekunde 33.1. Aliiweka Los Angeles mwezi Julai 1967, na aliyekuwa wa pili siku hiyo alikuwa Keino huyuhuyu. Sifa ya Ryun ilikuwa mwisho wake. Ukimwacha karibu yako zikiwa zimebaki mita 300, umekwisha.

Keino alifika katika fainali hiyo akiwa mgonjwa wa nyongo. Wiki moja kabla alikuwa ameanguka katika mbio za mita 10,000 kwa maumivu ya tumbo, na tarehe 17 alikosa dhahabu ya mita 5,000 kwa mbili ya kumi ya sekunde. Husimuliwa kwamba siku ya fainali basi lilikwama kwenye foleni, akashuka na kukimbia hadi uwanjani. Mpango wa Wakenya ulikuwa rahisi kuuelewa, mgumu kuutekeleza: Ben Jipcho, kijana aliyekuwa naye kwenye fainali hiyo, achomoke tangu mwanzo na kuufanya mzunguko wa kwanza uwe wa kasi isiyovumilika. Jipcho akaufanya kwa sekunde 56. Alijua kwamba kwa kasi ile katika hewa ile atachoka mwenyewe na hatapata chochote. Keino akashika usukani, Ryun akabaki nyuma akisubiri mwisho wake, na mwisho ulipofika pengo lilikuwa kubwa mno. Keino alimaliza kwa dakika 3 sekunde 34.9, karibu mita 20 mbele. Hakuna aliyewahi kushinda fainali ya Olimpiki ya mita 1500 kwa pengo kama lile.

Shika jina la Jipcho. Atarudi.

Marathoni ya siku hiyo ilianza na watu 75. Bingwa wa Olimpiki mbili zilizotangulia, Abebe Bikila wa Ethiopia, alijitoa njiani akiwa ameumia, na Mwethiopia mwenzake, Mamo Wolde, akashinda kwa saa 2 dakika 20. Akhwari, mwana wa Mbulu, alikuwa na watu wa mbele hadi kilomita ya 19 hivi, katika msukumano wa kugombea nafasi, alipoanguka. Goti liliteguka na kuchanika, bega likagonga lami. Wahudumu walimfunga bendeji. Kumi na wanane kati ya wenzake walikata tamaa siku ile, wengine bila jeraha lolote. Akhwari akainuka, akatembea, akakimbia, akatembea tena.

Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Wolde. Medali zilikuwa zimeshavaliwa na watu wengi walikuwa wameondoka. Waliobaki walianza kupiga makofi polepole, kisha kwa nguvu, kadiri walivyoona mguu ule uliofungwa ukiburutwa kuzunguka njia. Saa ilisoma 3:25:27. Alipoulizwa kwa nini hakujitoa, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili elfu tano kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize. Mtengeneza filamu Bud Greenspan aliionyesha dunia picha ile, na jibu lile likaenda kila mahali.

Nalipenda jibu lile. Lilitoka kwa raia wa nchi iliyokuwa na umri wa miaka saba tu ya uhuru, nchi iliyokuwa ikihesabu kila dola ya fedha za kigeni, na iliyomlipia nauli kwa jasho la wakulima wa pamba na mkonge. Aliposema alitumwa, alisema kweli. Alipewa nishani ya shujaa wa taifa mwaka 1983, akaalikwa kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, na akawa balozi wa michezo ya Beijing ya mwaka 2008. Yote hayo alistahili.

Lakini angalia tulivyompunguza. Muulize mtu yeyote anayeijua picha ile kama Akhwari alikuwa mkimbiaji mzuri, wengi watakuambia hawajui. Watu wanamkumbuka kama mtu mwema aliyeumia. Akhwari alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2 na dakika 15, katika mbio zilizoshindwa na Ron Hill wa Uingereza kwa muda wa kutisha wa zama hizo, 2:09:28. Mtu wa tano Edinburgh ndiye yuleyule wa 57 Mexico. Kama tungekuwa tunaandika historia yetu wenyewe kwa kujali, tungeyataja yote mawili kwa pumzi moja. Tumepokea kumbukumbu iliyochaguliwa na wageni, na wageni walipenda zaidi Mwafrika anayevumilia kuliko Mwafrika anayeshindana.

Ndiyo sababu nahamia Christchurch.

Filbert Bayi alizaliwa mwaka 1953 na kukulia Karatu, juu ya Bonde la Ufa, njia ya kwenda Ngorongoro. Aliingia jeshini, katika kikosi cha anga, na riadha yake ikapevukia huko. Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972 ilimwona akitolewa katika hatua ya mchujo, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Januari 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, kijana huyu asiyetimiza miaka 20 alimshinda Keino katika mita 1500. Hapo wakaanza kumtazama.

Kilichowashangaza watu ni namna alivyokimbia kuliko muda aliotumia. Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu, na busara ya miaka mingi ilisema: kaa nyuma ya mtu. Anayeongoza ndiye anayepasua upepo kwa niaba ya wote. Haoni nyuma, hajui nani anakuja wala lini. Wenzake wanamtumia, kisha kwenye kona ya mwisho wanampita wakiwa na akiba ya nguvu. Kwa hiyo fainali nyingi zilikuwa za kuviziana, watu wakienda mwendo wa mazoezi kwa mizunguko miwili, wakigongana viwiko, kisha wote wakifyatuka kwa mara moja. Bayi alikataa mchezo huo. Bunduki ikilia, anaondoka. Mwaka 1973 alizunguka Ulaya akikimbia hivyo, akipita mita 800 za kwanza kwa kasi ambayo wengine wangeona fahari kuimaliza nayo mbio za mita 800 zenyewe. Mara nyingine alishinda. Mara nyingine alikamatwa mwishoni, miguu imeisha. Wataalamu walisema ni kijana mwenye kipaji asiyejua kuzipanga mbio zake.

Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1974 ilifungwa Jumamosi ya tarehe 2 Februari, na fainali ya mita 1500 ilikuwa siku hiyo ya mwisho. Uwanja wa Queen Elizabeth II ulijaa, na waliojaa walikuwa wamekuja kuwaangalia vijana wao wawili wa New Zealand, John Walker na Rod Dixon. Walikuwepo Brendan Foster wa Uingereza, Graham Crouch wa Australia, na Mike Boit wa Kenya. Na alikuwepo Ben Jipcho. Yule aliyejichoma kwa ajili ya Keino kule Mexico sasa alikuwa mkubwa kwa jina lake mwenyewe. Katika michezo hiyohiyo alikuwa ameshatwaa dhahabu ya mita 5,000 na ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Sasa alitaka ya tatu.

Bunduki ikalia na Bayi akaondoka. Hakuna mtu aliyepangwa kumwongozea kasi, hakuna mwenzake wa kujitoa mhanga kama Jipcho alivyomfanyia Keino. Mzunguko wa kwanza aliupita chini ya sekunde 55. Nyuma yake waliachana naye, na ndivyo ilivyokuwa desturi: mwache aende, atarudi. Mita 800 alizipita chini ya dakika moja na sekunde 53, akiwa mbele kwa takribani mita 20, pengo lilelile ambalo Keino alimaliza nalo Mexico, ila huku bado kulikuwa na karibu nusu ya mbio. Alikuwa peke yake katika njia, mwili umenyooka, hatua ndefu nyepesi, na umati mzima ukiwapigia kelele waliokuwa nyuma yake.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia pengo lilianza kupungua. Wapinzani walikuwa wameshatambua kwamba wakisubiri zaidi hawatampata. Jipcho alisogea. Dixon alisogea. Walker, nywele ndefu zikipepea, fulana nyeusi ya nchi yake kifuani, alikuja kwa kasi kuliko wote. Kwenye kona ya mwisho kila mjuzi wa riadha aliyekuwa pale aliona kile alichokuwa ametabiri: anayeongoza anakamatwa. Walipoingia kwenye mstari ulionyooka, Walker alikuwa amebakiza hatua chache tu kumgusa.

Bayi akatazama nyuma, akamwona, akaongeza kasi.

Hapa ndipo palipo na uzito wote wa siku ile. Kwa mujibu wa busara yote ya mchezo, mtu aliyeongoza kwa mwendo ule tangu hatua ya kwanza hakutakiwa kuwa na chochote kilichobaki. Bayi alikuwa nacho. Kumbe hakuwa amekimbia kiwazimu. Alikuwa amejipimia akiba yake, na akaitoa mita 50 za mwisho mbele ya mtu aliyekuwa ameshahesabu kwamba haipo. Alikata utepe kwa dakika 3 sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker aliyekuwa wa pili alitumia 3:32.5, naye akawa ameivunja rekodi ya Ryun. Jipcho alikuwa wa tatu kwa 3:33.2, Dixon wa nne, Crouch wa tano. Foster, aliyekuwa wa saba, alivunja rekodi ya Uingereza. Mtu wa saba! Bayi aliwaburuta wote kwenda mahali ambapo hawakuwahi kufika, na hata walioshindwa waliondoka wakiwa wakimbiaji bora kuliko walivyoingia.

Rekodi ile ya dunia ilidumu miaka mitano na nusu, hadi Sebastian Coe alipoivunja Zürich mwezi Agosti 1979, na aliivunja kwa kiasi kidogo mno, sehemu ndogo ya sekunde. Kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu miaka 48, mpaka Oliver Hoare wa Australia alipoipita Birmingham mwaka 2022. Katikati ya miaka hiyo zilipita Jumuiya ya Madola kumi na moja nzima, zikiwa na Wakenya, Waingereza na Waaustralia bora wa vizazi vitatu.

Mwaka huohuo wa 1974, tarehe 30 Oktoba, Kinshasa ilishuhudia Muhammad Ali akimwangusha George Foreman katika raundi ya nane. Dunia ikiulizwa tukio la michezo la Afrika la mwaka ule, hulitaja hilo, na mimi nalielewa. Ali alipendwa Kinshasa kama mtoto wa nyumbani. Lakini walikuwa Wamarekani wawili, kila mmoja akiahidiwa dola milioni tano, katika pigano lililolipiwa na Mobutu ili jina la Zaire lisikike. Kwa wanamichezo wa Afrika halikuacha kitu. Mbio za Christchurch zilikuwa za mtu wa kwetu, na ziliacha kitu.

Mei 1975 mjini Kingston, Jamaica, Bayi aliivunja pia rekodi ya Ryun ya maili, akikimbia 3:51.0 kwa mtindo uleule. Haikukaa. Agosti 12 mwaka huohuo, mjini Göteborg, Walker alikimbia maili kwa 3:49.4 na kuwa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 3:50. Sasa dunia nzima ilikuwa inangoja kitu kimoja: fainali ya mita 1500 ya Olimpiki ya Montreal, Julai 1976, Bayi na Walker.

Haikuwepo. Na kwa maoni yangu kutokuwepo kwake ni nusu ya pili ya tukio la Christchurch.

Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini mwaka ule, siku chache tu baada ya watoto wa shule wa Soweto kupigwa risasi tarehe 16 Juni. Nchi za Afrika ziliitaka Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iiondoe New Zealand Montreal. Kamati ilijibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa mstari wa mbele kutangaza kwamba haitakwenda, na nchi nyingine zaidi ya ishirini zikasusia, baadhi wanamichezo wao wakiwa wameshafika kijijini. Bayi kipindi hicho alikuwa pia anasumbuliwa na malaria, hivyo huenda asingekuwa katika hali yake hata kama angekwenda. Tarehe 31 Julai Walker alishinda dhahabu kwa 3:39.2, katika fainali ya kuviziana ya mtindo wa zamani, sekunde saba nyuma ya muda wa Christchurch. Hakukuwa na mtu wa kuwaburuta.

Wapo wanaosema Mwalimu aliwanyima vijana wake haki yao. Hoja hiyo siidharau. Mkimbiaji wa mita 1500 hana miaka mingi ya ubora, na Bayi alikuwa na miaka 23 tu. Boit wa Kenya naye alipoteza. Lakini mwaka mmoja baadaye, Juni 1977, viongozi wa Jumuiya ya Madola walisaini Makubaliano ya Gleneagles ya kuzuia michezo na Afrika Kusini ya kibaguzi. New Zealand ilikuwa mmoja wa waliosaini. Afrika Kusini haikurudi Olimpiki mpaka mwaka 1992, baada ya kuanza kuvunja sheria za ubaguzi. Ususiaji wa Montreal ulisukuma hilo. Na ulikuwa na nguvu kwa sababu ulikuwa na gharama: nchi isiyo na bingwa ikisusia, nani anahangaika? Tanzania ilikuwa na mwenye rekodi ya dunia. Bila Christchurch, kiti chetu kitupu cha Montreal kisingeonekana. Ndiyo maana siyatenganishi mambo haya mawili.

Miaka minne baadaye gurudumu liligeuka. Marekani ilitaka dunia isusie Moscow kwa sababu ya Afghanistan. Februari 1980 Rais Carter alimtuma Muhammad Ali, shujaa wa Kinshasa, aje Dar es Salaam kuwashawishi wakubwa. Nyerere alikataa kuonana naye. Kenya ilisusia, Tanzania ikaenda. Bayi, sasa akiwa katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, alifanya alichokijua: aliondoka mbele na kuacha pengo kubwa, akakamatwa na Bronisław Malinowski wa Poland katika mzunguko wa mwisho. Alipata fedha kwa 8:12.48. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui naye alipata fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kupata Olimpiki, hadi na pamoja na Paris 2024.

Basi turudi kwenye ubishi. Vijiweni kwetu ukiuliza tukio kubwa la michezo utatajiwa soka kwanza: bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979 lililotupeleka Kombe la Mataifa ya Afrika, au fainali ya Kombe la CAF ya mwaka 1993 ambayo Simba waliipoteza nyumbani mbele ya Stella ya Abidjan. Ni kumbukumbu tamu na chungu, na ni zetu. Ila Ndola ilibadilisha nini nje ya Ndola?

Ndugu zangu wa Kenya wana hoja nzito kuliko hiyo, na nimeisikia ikitolewa kwa ufundi. Wanasema: kipimo ni kilichofuata. Keino alishinda, na nyuma yake ukafunguka mlango. Peter Rono alitwaa dhahabu ya mita 1500 Seoul mwaka 1988, Asbel Kiprop akapewa ile ya Beijing 2008, na Faith Kipyegon ametwaa ya wanawake mara tatu mfululizo, Rio, Tokyo na Paris. Bayi alifuatwa na nani? Hilo ni swali la haki, na jibu lake linauma. Keino hakuwa mkubwa kuliko Bayi kwa miguu. Alipata warithi. Shule za Bonde la Ufa, makocha, kambi, majeshi na magereza ya Kenya vilichukua ushindi wa siku moja na kuufanya kazi ya vizazi. Sisi tulikuwa na majeshi pia, na mlima, na hewa ileile ya Karatu na Mbulu. Kwa muda tulielekea kufanya hivyo. Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola Edmonton mwaka 1978 na mita 10,000 Brisbane mwaka 1982. Juma Ikangaa alitawala New York mwaka 1989 kwa 2:08:01. Kisha tukalegea.

Kwa hiyo naikubali nusu ya hoja ya Wakenya. Kwa Kenya, mbio za Keino ndizo kubwa, kwa sababu Wakenya walizifanya kubwa. Nusu ya pili siikubali. Namna mita 1500 zinavyokimbiwa leo katika mashindano ya kusaka muda, kasi kali tangu mwanzo bila kuviziana, ilionyeshwa na Bayi kuwa inawezekana hadi mwisho. Tofauti ni kwamba leo watu hulipwa kuongoza mizunguko miwili kisha wakatoka. Bayi aliongoza yote mwenyewe, katika fainali ya medali, dhidi ya wakimbiaji bora waliokuwepo duniani. Keino aliyemtangulia alisaidiwa na Jipcho, na hakuna aibu katika hilo. Jipcho mwenyewe alikuwepo Christchurch, akaona jinsi kazi ya watu wawili inavyofanywa na mmoja.

Na Akhwari? Namweka pembeni ya ubishi huu kwa heshima. Alichofanya hakishindani na mbio za mtu mwingine. Namwombea tu akumbukwe mzima, na Edinburgh yake.

Tarehe 15 Septemba 2025 Alphonce Simbu, mwanajeshi kama Bayi, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo kwa 2:09:48, akimtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa tatu ya mia ya sekunde. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, na wengi waliandika kwamba ndilo tukio letu kubwa kuliko yote. Linaweza kuwa. Linategemea tutakachofanya nalo, na hapo ndipo ninapowageukia walimu wa michezo, makocha na viongozi wa riadha wa mikoa ya Manyara, Arusha na Singida. Marathoni zimejaa nchini, kila mji una yake, na ni jambo jema. Lakini mita 1500 zinaanzia shuleni, kwenye njia ya vumbi iliyopimwa vizuri, kwa mtoto wa miaka 14 mwenye saa inayomhesabia mizunguko. Pimeni njia hizo. Waonyesheni watoto mkanda wa fainali ya Christchurch, upo na unapatikana. Rekodi ya taifa ya Tanzania ya mita 1500 bado ni 3:32.16, iliyowekwa tarehe 2 Februari 1974.